Safu ya Kumi na Tisa

Nyanya yangu Billa alifuma kwa rangi nne tu:
nyeupe, nyeusi, kijivu, na ile hudhurungi ya kondoo mzee.
Hakuwa na karatasi. Mchoro wa sweta aliubeba vidoleni,
akawakabidhi mabinti zake sita.

Safu ya kumi na tisa, fundo la saba, palitakiwa kijivu.
Billa aliweka nyeupe.
Labda taa ilipepesa. Labda mtoto alilia.
Hakuna aliyeona; sweta lilitia joto kama kawaida.
Mabinti wakanakili, wajukuu wakawanakili wanakili,
na mimi, nikiwa na miaka tisa, nikalifuma kosa lile
kwa uangalifu mkubwa.

Huku kwetu Faroe, watu wa ukoo wetu walikuwa wakianguka.
Mjomba Tróndur alianguka akikata nyasi, mundu ungali mkononi.
Birita alianguka katika ngoma ya harusi yake,
na duara likacheza hatua mbili zaidi kabla halijajua.
Mchungaji akaandika kitabuni: *ghafla*.
Nilifunua kurasa za nyuma. Ghafla. Ghafla.
Neno moja, limerithiwa kuliko shamba.

Nikawa muuguzi. Nikazunguka na mirija ya damu
ndani ya kikapu cha mayai, mvua ikinipiga ubavuni,
nikibisha milango ya binamu.

Sayansi yenyewe niliielewa kwa kondoo.
Kila kondoo mlimani ana alama sikioni:
mkato, tundu, ncha iliyofyekwa.
Humjui kondoo, lakini alama itakwambia
ametoka malisho gani.
Ndivyo tulivyotafuta: ni alama zipi katika vinasaba
ambazo wagonjwa wote wanazo
na wazima hawana?
Tukapata mbili, kwenye kromosomu ya saba.
Kati yake, malisho mapana, jeni chungu nzima,
na mwenye kosa amejificha humo, kimya.

Heðin alikataa. Ana kondoo mia nne na mdomo mmoja mbaya.
“Damu yangu ina kazi,” akasema, akafunga mlango.
Mara ya tano alinikuta zizini kwake
nikimzalisha jike, mkono umezama hadi kiwiko.
Akakunja shati bila neno.

Sasa sikia. Mzazi hatoi kromosomu kama alivyoipokea:
zile mbili zake hukumbatiana kwanza,
hubadilishana vipande, ndipo huagana.
Kwa Heðin, mkato ulikuwa umepita katikati ya malisho yetu.
Alama ya kushoto anayo. Ya kulia hana.
Na kipimo cha moyo wake kilivutika
kama uzi uliolegea.
Basi nusu nzima ya kulia tukaifuta kwa kalamu,
kwa hisani ya mkaidi.

Zikabaki jeni tatu. Tukazisoma herufi kwa herufi,
A, T, G, C, rangi nne tu,
hadi mahali palipotakiwa G
tukakuta A.
Herufi moja. Kijilango cha chumvi katika misuli ya moyo
hakifunguki inavyopasa,
na siku moja mapigo hukanyagana.

Mrija wa thelathini na moja ulikuwa wangu. Ninayo.
Wa thelathini na mbili, wa mwanangu Eyðun:
shilingi ilirushwa kabla hajazaliwa.
Nilisoma jibu nimesimama, koti sijavua.
G na G.

Heðin humeza kidonge kila asubuhi kwa kahawa
na huwaambia watu kwamba jeni aliigundua yeye.
Simkatalii.

Usiku huu nafuma sweta la Eyðun.
Safu ya kumi na tisa. Fundo la sita.
Sufu, tofauti na damu, hufumuka;
naweza kusahihisha, hakuna atakayejua.
Nyuzi zote mbili ziko pajani.
Nachukua nyeupe.